Ng'ombe Aliyechinjwa na Mkristo

Meno yangu mawili ya mbele yalitolewa upande wa Buguruni, na aliyeyatoa ni mtu tuliyebatizwa naye siku moja, kwenye beseni moja, kwa mkono wa padre mmoja. Kanisani habari hiyo wanaijua. Kila wakitaka vijana watiwe moyo wa kusimama katika imani, huja kuniita mie, mzee mwenye pengo, nikaieleze. Naieleza. Lakini kuna kipande ninachokirukaga siku zote, na hapa sitakiruka.

Shule sikusoma. Nilifika darasa la pili la misheni huko kwetu Unyamwezi, baba akafa, nikashika jembe. Nyumba hii ninayokaa, na ile nyingine ya Temeke yenye wapangaji, sikuachiwa na mtu. Nimezijenga kwa ngozi za ng'ombe. Kwa hiyo anayetaka maneno laini akayatafute kwa waliosoma.

Tulikuja Dar es Salaam mie na huyo mwenzangu baada ya vita ya pili kwisha, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi. Kila mmoja wetu alikuwa na medali ndogo ya shaba shingoni, aliyotuvisha katekista siku ya ubatizo, akatuambia huko pwani tuendako watu watatupima. Mwenzangu alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, mchekeshaji. Mie nilikuwa mfupi na mkono mzito. Tukapata kazi kwenye uwanja wa kuchinjia, huko Buguruni, nje kabisa ya mji, mahali nyumba zilipokuwa zinakwisha na mashamba ya mihogo yanaanza. Mwenye uwanja alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kiarabu, babu yake kazikwa hapa hapa, na mabucha yake yalikuwa Kariakoo na kwingineko. Sie tulimwita Tajiri tu.

Kazi yenyewe ilikuwa vita vya kila alfajiri. Ng'ombe walikuja kwa miguu kutoka bara, wamechoka, wamekasirika, wengine hawajawahi kufungwa kamba maishani. Unamtupia kitanzi cha pembe, mwingine anamnasa mguu wa nyuma, mnavuta hadi aanguke kwa kishindo. Ukikosea anakuponda. Nimeona mtu akivunjwa mbavu kama mtu anavunja kuni. Nimeona kidole kimebaki kwenye kamba, mwenyewe bado anavuta hajajua. Tulikuwa tunafanya kazi miguu peku kwenye damu, na hasira za ng'ombe zilituingia sie wenyewe. Haikupita wiki bila watu kupigana.

Lakini katikati ya fujo ile palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelichezea. Kisu cha kuchinjia kilikuwa cha mtu mmoja tu, mzee mmoja wa pwani aliyekuwa akifundisha watoto Kurani jioni, nasi wote tulimwita Maalim. Ng'ombe akishalazwa kuelekea kibla, Maalim anakuja na kanzu yake kaikunja hadi magotini, anasoma, anakata mara moja, basi. Akishamaliza yeye ndipo tunapoingia sie wachunaji, awe Mkristo, awe Mwislamu, awe asiye na dini. Mji mzima ulikula nyama ile kwa kuamini kwamba mkono uliochinja ni wa Mwislamu. Maalim mwenyewe alikuja kuniambia baadaye kuwa wanazuoni wana maneno marefu juu ya jambo hilo, lakini desturi ya mji ndiyo hiyo, na mtu anayekula kwako kwa kukuamini usimchezee.

Msaidizi wa Maalim alipata shingo ya ng'ombe wa kwanza wa kila siku, na sokoni alipewa salamu za heshima. Sie wachunaji tulipewa utumbo, na salamu yetu ilikuwa watu kuziba pua.

Jumapili tulikwenda kanisani. Mwanzoni watu wa kwetu tulikuwa tunajaza benchi zima na wengine wanasimama. Kisha benchi likaanza kupungua. Mmoja alimezwa na pombe. Mmoja alifiwa na mtoto, padre akachelewa kufika makaburini, naye akarudia matambiko ya babu zake, hakutaka tena kusikia kengele. Wawili walioa mke wa pili wakaona haya kuonekana. Na kwa kweli Mkristo wa bara akifa mjini siku zile mazishi yake yalitia huruma, watu wanne na mkokoteni, wakati Mwislamu maskini kuliko wote alisindikizwa na mtaa mzima. Jambo hilo liliwaondoa wengi kuliko mahubiri ya mtu yeyote. Mwishowe tukabaki wawili kwenye benchi lile, mie na mwenzangu.

Tulikuwa na mfunga kamba mmoja, Mzaramo, mtani wangu, maana Wazaramo na sie Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za babu. Huyo hakuniacha nipumue. Kila Jumatatu alinisubiri mlangoni. "Mla panya umerudi? Mungu wako anakaa mbali sana. Mpaka umfikie soli imekwisha, na viatu vyenyewe huna." Mie namjibu kwamba kwao wanasali karibu kwa sababu wavivu wa kutembea. Tunacheka, tunashika kamba.

Halafu mwenzangu akasilimu. Hapa nataka nieleweke. Mtu akisilimu kwa moyo wake mie sina neno naye. Nimewaona, nimeishi nao, wengine ni watu bora kuliko mie. Lakini mwenzangu alisilimu kwa ajili ya shingo ya ng'ombe. Aliniambia mwenyewe chumbani kwetu huku akicheka, kwamba Mungu ni yule yule, jina ndilo limebadilika, na msaidizi wa Maalim alikuwa amerudi kwao Kilwa, nafasi i wazi. Akaniambia na mie nifanye hivyo hivyo, tutachinja kwa zamu. Nilimwambia hapana. Akaniita mshamba.

Kesho yake uwanjani, mbele ya watu, akaivua medali yake akaitupa kwenye mfereji wa damu. Alifanya kwa mzaha, watu wacheke. Wengine walicheka kweli. Mie nilikuwa nimeshika mpini wa shoka, nikampiga nao begani, akaanguka, nikampanda juu nikampiga ngumi za uso hadi mkono ukauma. Nilimpiga mie kwanza, naandika hivyo kwa sababu kanisani huwa sisemi. Watu walishindwa kunitoa. Aliyenitoa ni Maalim. Alinimwagia ndoo ya maji machafu kichwani, akasimama juu yetu na ile ndoo.

"Mnampigania Mungu au mnaipigania shingo ya ng'ombe?" akauliza.

Watu walipoondoka niliingiza mkono kwenye mfereji, nikapapasa kwenye mabonge ya damu hadi nikaipata ile medali. Sijui kwa nini niliitafuta. Niliiosha nikaivaa pamoja na yangu. Na chumba nilimwachia, nikahamia Keko kwa fundi mmoja wa vitanda, nikilala juu ya maranda ya mbao.

Ukafika mkesha wa Idi. Siku hiyo uwanja ulijaa ng'ombe, mabucha yanangoja, na Tajiri alikuwa ameahidi kila mfanyakazi fungu la nyama kutoka kwa dume moja kubwa jeusi lililotoka Ugogo. Maalim alikuwa na homa kali, hakuweza hata kukaa. Kisu akampa mwenzangu, aliyekwisha kuwa msaidizi wake. Alichinja vizuri asubuhi ile, siwezi kumkatalia. Likaletwa lile dume jeusi.

Sijapata kuona mnyama wa namna ile. Kamba ya pembe lilikuwa nayo, ya mguu ikakatika. Likageuka, likamkuta mtani wangu Mzaramo kasimama kati yake na boma la miti. Pembe ikamwingia pajani ikatokea nyuma, ikachomeka kwenye mti wa boma. Dume likawa limenasa, na mtu kanasa juu yake, na kila dume likivuta kichwa mtu ananyanyuliwa na kubamizwa. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa ananiangalia mie, mdomo wazi, kama mtu aliyetaka kunitania akasahau neno.

Mwenzangu alitupa kisu akapanda boma. Wote walipanda boma. Kisu kilikuwa pale kwenye matope, mbele ya miguu yangu. Sikufikiri habari za dini ya mtu. Nilikiokota, nikaingia ubavuni, nikakita bega langu kwenye bega la dume nikalikata koo. Halikukatika mara moja. Nilikata kama mtu anayekereza gogo, damu ya moto ikinijaa machoni na kinywani, mnyama akinisukuma, nami nikaliita jina nililofundishwa kuliita nikiwa hatarini. Niliita kwa sauti. "Yesu. Yesu. Yesu." Uwanja mzima ulisikia. Kisha miguu ya dume ikalegea, likaanguka, nasi wawili tukaanguka nalo.

Walipomchomoa mtani wangu alikuwa angali hai. Mwenzangu akashuka bomani. Akaja moja kwa moja kwangu, akakichukua kisu mkononi mwangu, akasimama juu ya lile dume lililokwisha kufa akasoma Bismillahi. Halafu akawageukia watu. "Nimechinja mie. Mmeona wote."

Wote wakakubali. Lile dume ndilo lililokuwa na fungu la kila mmoja wao. Wake zao walikuwa wamekwisha kusaga viungo.

Tajiri akaja mbio kutoka barazani kwake. Akaambiwa dume limechinjwa na mwenzangu. Akamtazama mwenzangu, kanzu yake haina tone. Akanitazama mie, nilikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi kiunoni. Akaniuliza nani kachinja.

"Mie," nikasema. "Na mie ni Mkristo. Nyama hii haiwafai watu wako."

Si kwamba nilikuwa shujaa. Wakati ule damu ilikuwa bado inachemka, mtu anasema tu. Tajiri aliuma kidole. Hakutaka kusadiki, maana hasara ilikuwa yake. Akasema anampeleka majeruhi hospitali kwa lori lake, na akirudi atapita kwa Maalim, akiweza kutembea atakuja naye, na mbele ya Maalim ataniuliza tena mara moja. Nikisema vile vile dume linatolewa uwanjani. Nikisema vingine, yatakwisha. Lori likaondoka, mtani wangu akiwa amelazwa juu ya magunia.

Walinipeleka nyuma ya banda la ngozi. Walikuwa watatu, mwenzangu na wachunaji wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa amekaa nami benchi moja kanisani miaka miwili. Mwenzangu alikuwa na ule ule mpini wa shoka. Mwanzo alinisemesha kwa upole, kwa Kinyamwezi chetu. Akaniambia hakuna anayenitaka niikane dini yangu. Niseme tu sikuwa mie. Neno moja dogo. Kesho watoto wa watu watakula, na kisu cha pili atanipa mie, hata kama nitabaki na Yesu wangu moyoni.

Nikasema niliyechinja ni mie.

Akanipiga kwenye magoti. Nikaanguka. Wale wengine wakanikanyaga mikono. Akaniuliza tena, nikasema niliyechinja ni mie, na nimemwita Yesu, na yeye kasikia kwa sababu alikuwa juu ya boma kama kuku. Neno hilo la kuku lilinigharimu. Alinipiga mbavuni hadi nikasikia kitu kinaachia ndani. Nilijikojolea. Waliona, wakacheka, mmoja akasema Mkristo kajibatiza mwenyewe. Wakanigeuza chali. Mwenzangu akashika zile medali mbili shingoni mwangu, akaikuta yake. Nadhani hakujua kama ninayo. Uso wake ulibadilika. Ikawa kama mie ndiye niliyemfanyia jambo baya kuliko yote aliyonifanyia. Kuanzia hapo hakuwa akipiga kwa ajili ya nyama.

Akauliza mara ya tatu.

Kipande ninachokirukaga ndicho hiki. Mara ya tatu nilikubali. Nilikuwa nimeshindwa. Nililiona lile dume akilini, nikaona miguu yake ilivyolegea, nikajua nitakufa vile vile kwenye matope yale yale, na kaburini nitabebwa na watu wanne na mkokoteni. Nilifungua mdomo niseme sikuwa mie. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mwenzangu hakungoja. Mpini ulinikuta mdomo wazi, ukaingia na meno yangu mawili, na ulimi ukapasuka. Nilipojaribu kusema, kilichotoka kilikuwa damu na povu, na sauti kama ya mbuzi. Walidhani naita Yesu tena. Wakazidi kunipiga.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekwisha kumkana, na mpini wa shoka ukaniziba mdomo.

Lori lilirudi. Tajiri akaja nyuma ya banda, na Maalim nyuma yake, kajifunga shuka mbili kwa homa, anatetemeka, anategemea fimbo. Wale watu wakaniachia. Mwenzangu akasema nimeanguka. Maalim aliinama akanitazama usoni kwa muda mrefu, nikasikia joto la homa yake.

"Mtu aliyekubali kusema uongo hapigwi namna hii," akamwambia Tajiri.

Nilitaka kumwambia amekosea. Naapa nilitaka. Akamgeukia mwenzangu akamuuliza swali moja, ulipomsomea ng'ombe alikuwa hai au amekufa. Mwenzangu akatazama chini. Maalim akanyoosha mkono, akakitaka kisu chake, akakifuta kwenye shuka akakitia kwenye ala. Kisha akanirudia mie.

"Wakati unakata, ulimwita nani?"

Basi nikapewa nafasi nyingine, na sikuistahili. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kulala tu kama maiti, hakuna ambaye angenilaumu. Wale watatu walikuwa wamesimama pale pale, na usiku ule ningelala Keko peke yangu, na wao wanapajua. Ulimi haukufanya kazi. Nikainua mkono, vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi, nikaishika medali yangu, nikainyanyua aione. Niliuweka mkono juu hadi aliponiambia basi, inatosha.

Tajiri alilaani siku hiyo, kisha akasema mzoga ule ni wangu, niutoe uwanjani kwake kabla ya adhuhuri. Yule fundi wa vitanda alikuja na mkokoteni. Dume lilipelekwa kwenye mabanda ya vibarua wa bara, upande wa Temeke, wale wasiojali nani kachinja. Nikaambiwa walikuja wengi wa benchi letu la zamani, mlevi akaja, wenye wake wawili wakaja, wakala wakashiba wakaniombea nipone. Mie sikuonja. Nilikunywa uji kwa mrija wa mpapai majuma matatu. Ngozi ya lile dume fundi alinisaidia kuiwamba na kuikausha, nikaiuza, na huo ndio mwanzo wa biashara yangu yote.

Nilirudi kazini nilipopona. Maalim hakunipa kisu, wala mie nisingekitaka. Alinipa kushika kichwa. Anayeshika kichwa ndiye anayemgeuza ng'ombe kibla na kumnyoosha koo, na kisu kinapita karibu na vidole vyake kiasi cha upana wa ukucha. Kwa miaka sita nilimshikia Maalim vichwa, yeye anamtaja Mungu wake kwa Kiarabu, mie nanyamaza, na hakuwahi kunikwaruza. Mtani wangu alirudi akichechemea, akawa anaeleza sokoni kwamba ameokolewa na mla panya, na kwamba ni aibu ambayo ukoo wake hautaifuta.

Mwenzangu aliondoka uwanjani siku ile ile. Alifia Kigamboni, bado Mwislamu, na nadhani kufikia hapo alikuwa Mwislamu kweli, maana watu walimlilia. Nilikwenda mazikoni. Nilishika jeneza kwa zamu yangu kama wengine. Medali yake ninayo. Mara nyingi nimefikiri kama asingekuwa na haraka, kama angengoja nimalize neno moja, tungekuwa sawa mie na yeye.

Jumapili ya kwanza niliyoweza kutembea nilikwenda kanisani. Benchi lilikuwa tupu, nikakaa mwisho wake kama nilivyozoea. Kabla ya misa nilimwendea padre kuungama, nikamwambia kwa ulimi ule mnene kwamba nilikuwa nimefungua mdomo nimkane Yesu. Akaniuliza kama nilimkana. Nikamwambia sikuwahi, mpini ulitangulia. Akafikiri, akaniambia nisali Baba Yetu mara tatu na nirudi kukaa. Nilitaka anikemee zaidi ya hapo. Nilirudi kukaa.

Siku hizi mwanangu mmoja anataka kunipeleka kwa daktari niwekewe meno ya bandia, ananiambia mzee mwenye nyumba mbili haifai kuwa na pengo. Nimemwambia aache. Akija tena kunisumbua nitampa karatasi hizi azisome.